Kutaga, Kuatamia na Kunyonyesha: Kiswahili Mbele ya Mamalia Watagao Mayai

Matini ya mhadhara wa wazi katika taaluma za Kiswahili, Mkolani, Mwanza



1. Utangulizi

Mada niliyoileta mbele yenu huenda ikaonekana kuwa ni ya mwalimu wa biolojia aliyepotea njia akaingia katika ukumbi wa Kiswahili. Ninaomba mnivumilie. Wanyama nitakaowazungumzia hawapatikani katika ardhi ya Tanzania, wala popote pengine barani Afrika. Wanaishi Australia na katika kisiwa cha Guinea Mpya. Hata hivyo, wamekuwa mtihani kwa kila lugha iliyojaribu kuwaeleza, kwa sababu wanataga mayai kama kuku na kuwalisha watoto wao kwa maziwa kama ng'ombe.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kutosha, tena vyenye umakini, vya kueleza uzazi wa wanyama hao pasipo kuazima chochote isipokuwa majina yao. La pili ni kwamba tatizo tulilonalo limo katika fasili tunazowapa watoto wetu darasani, hasa fasili ya mamalia.

2. Neno mamalia na mzigo tulioutwika

Neno mamalia lina asili ya Kilatini, na shina lake lina maana ya ziwa, yaani titi. Aliyelifanya kuwa istilahi ya sayansi ni Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, katika toleo la kumi la kitabu chake kikuu lililotoka mwaka 1758. Kabla ya hapo alikuwa akiliita kundi hilo kwa neno lenye maana ya wenye miguu minne. Jina hilo la zamani lilimwacha nje nyangumi asiye na miguu, na lilimpa taabu popo mwenye mabawa. Kwa kuchagua ziwa kuwa alama ya kundi, Linnaeus aliwaingiza wote wawili bila ya shida.

Ikumbukwe, basi, kwamba jina lenyewe halisemi lolote kuhusu kuzaa. Linasema habari ya maziwa tu. Sisi tulipolipokea, tuliliongezea mzigo. Fasili iliyozoeleka vinywani mwetu ni kwamba mamalia ni mnyama azaaye na kunyonyesha, na ndege ni kiumbe atagaye mayai. Fasili hiyo ni fupi, inakaririka kwa urahisi, na inawafaa mbuzi na ng'ombe wa Mkolani. Ila mwanafunzi akiulizwa kama wapo mamalia watagao mayai, naye akajibu kwamba wapo, mwalimu aliyefungwa na fasili hiyo atalazimika kumkata alama kwa jibu lililo sahihi.

Lugha yenyewe haikutuagiza kufanya hivyo. Katika Kiswahili kuzaa hakujawahi kuwa sifa ya mnyama peke yake. Mwembe huzaa, mnazi huzaa, na shamba lililotunzwa vyema huzaa. Kitenzi hiki kina maana pana ya kutoa kilichokomaa. Hakifai kuwekwa mpakani kama mlinzi anayemwuliza kila apitaye kama ni ndege au ni mnyama.

3. Yanayoonekana katika ufuko wa Ziwa

Kabla ya kuvuka bahari, ni vyema tutazame majini karibu nasi. Katika maji ya kina kifupi pembezoni mwa Ziwa Victoria, sato dume huchimba shimo la mviringo katika mchanga. Jike huja akataga humo, kisha huyakusanya mayai kinywani mwake na kuyatunza humo hadi yaanguliwe. Vitoto vikishaanza kuogelea, huendelea kukimbilia kinywani mwa mama vinapotishwa. Ngege, ambaye ni mwenyeji wa kale wa ziwa hili kuliko sato, hufanya vivyo hivyo, na majike wa furu pia hubeba mayai kinywani. Sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, hana kiota wala malezi. Jike mmoja humwaga mayai madogo kwa mamilioni na kuyaacha yaelee.

Je, sato anayebeba mayai kinywani anaatamia? Katika fikra za mzungumzaji wa kawaida kuatamia huchora picha ya kuku aliyetulia juu ya mayai yake. Lakini kiini cha kitenzi hiki ni mzazi kuyashikilia mayai kwa mwili wake hadi yaanguliwe. Chatu jike hujizungusha juu ya mayai yake, nasi tunasema ameyaatamia. Sioni sababu ya kumnyima sato kitenzi hicho.

Yuko pia kamongo, samaki wa matete na matope. Hana budi kupanda juu kuvuta hewa kwa mapafu, na dume ndiye alindaye kiota chenye mayai. Mtoto aliyefundishwa kwamba samaki ni kiumbe apumuaye kwa matamvua tu atapata shida kumweka kamongo mahali pake. Mvuvi hana shida hiyo. Kwake kamongo ni samaki, tena anazijua tabia zake.

Mfano wa ajabu zaidi ni mbung'o, aliyeandamana na maradhi ya malale katika historia ya nchi za ziwa hili. Mdudu huyu hatagi kama nzi wengine. Jike hulea buu mmoja tumboni kwa wakati mmoja, akimlisha kwa majimaji ya tezi ambayo wataalamu huyaita maziwa, kisha humzaa akiwa amekwisha kukomaa. Buu hujichimbia ardhini na kugeuka bundo. Kwa hiyo tunaye mdudu azaaye na kulisha mtoto kwa aina ya maziwa, wala hakuna anayemwita mamalia. Ikiwa kuzaa hakumfanyi mbung'o kuwa mamalia, haistahili kutaga kumtoe mnyama mwingine katika kundi hilo.

4. Mamalia watagao na viota vyao

Mamalia watagao walio hai leo ni wa spishi tano. Mmoja ni platipasi, aishiye katika mito na vijito vya mashariki ya Australia na katika kisiwa cha Tasmania. Wanne ni ekidna: mmoja mwenye mdomo mfupi, na watatu wenye mdomo mrefu waishio Guinea Mpya. Miongoni mwa hao watatu, mmoja alijulikana kwa wanasayansi kwa kielelezo kimoja tu kilichopatikana mwaka 1961, hadi mwaka 2023 kamera iliyotegwa katika Milima ya Cyclops, upande wa Indonesia, ilipompiga picha akiwa hai. Kundi lao huitwa monotremata, maana yake wenye tundu moja, kwa kuwa mkojo, kinyesi na mayai yao hupitia tundu moja, kama ilivyo kwa ndege na mijusi.

Platipasi jike anapokaribia kutaga huchimba shimo katika ukingo wa mto. Njia ya shimo hilo huweza kufikia mita 20. Huiziba kwa udongo mahali kadhaa, ili maji ya mafuriko na maadui wasiingie. Hukusanya majani mabichi, akayakunjia chini ya mkia wake mpana na kuyaburuta hadi ndani, ambako huyafanya kiota. Unyevu wa majani husaidia mayai yasikauke, kwa maana kaka la yai lake ni laini mfano wa ngozi, tofauti na kaka gumu la yai la kuku. Kwa kawaida hutaga mayai mawili, kila moja likiwa na urefu wa takriban milimita 17. Kama ilivyo kwa ndege wengi, ni kokwa ya mayai ya upande wa kushoto pekee inayofanya kazi.

Huyaatamia kwa kujikunja, mayai yakiwa baina ya tumbo na mkia, kwa muda wa siku 10 hivi. Kitoto hulipasua kaka kwa jino dogo la yai, na hutoka kikiwa uchi, kipofu, na kidogo kuliko harage. Hapo ndipo yanapoanza malezi ya maziwa, nayo huendelea kwa miezi mitatu hadi minne kabla ya mtoto kutoka nje ya shimo. Mama hana chuchu. Maziwa hutoka katika vinyweleo vya sehemu maalumu za ngozi ya tumbo, na mtoto huyafyonza kutoka kwenye manyoya. Kwa kuwa maziwa hayo hupitia wazi juu ya ngozi, yamejaliwa protini ya pekee inayozuia vijidudu.

Ekidna hufuata njia nyingine. Hutaga yai moja tu, akaliweka moja kwa moja katika mfuko unaojitokeza tumboni mwake wakati wa uzazi. Yai huanguliwa humo baada ya siku 10 hivi. Mtoto hukaa mfukoni kwa mwezi mmoja na nusu au zaidi, hadi miiba yake inapoanza kuchomoza na kumchoma mama. Ndipo mama humhamishia katika shimo la malezi, akaliziba, na kwenda kutafuta mchwa na sisimizi. Hurudi baada ya siku kadhaa, mara nyingi tano hivi, kumnyonyesha tena.

Lililo muhimu ni kwamba wanyama hawa hawakuazima kutaga kutoka kwa ndege. Walikurithi. Babu wa kale wa mamalia wote walitaga, na ukoo wa monotremata ulitengana na koo zetu zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba jeni zilizokuwa zikitengeneza lishe ya kiini cha yai zimekufa katika mamalia wazaao. Mabaki yake yaliyovunjika yamo hata katika mwili wa binadamu, ilhali platipasi amebakiwa na moja ifanyayo kazi. Aidha, wapo wataalamu wanaopendekeza kwamba maziwa yalianza kama unyevu wa ngozi uliokuwa ukiyalinda mayai yenye kaka laini yasikauke. Kwa vyovyote vile, maziwa yalikuwapo kabla ya kuzaa. Anayefasili mamalia kwa kuzaa ameanzia katikati ya hadithi.

5. Ubishi wa miaka 85

Isidhaniwe kwamba ni Kiswahili pekee kilichokwama hapa. Mwaka 1799 George Shaw wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alipoieleza ngozi ya platipasi iliyotoka Australia, alishuku kwamba huenda kuna mtu aliyeunga mdomo wa bata kwenye mwili wa mnyama. Shaka hiyo ilipokwisha, ukaanza ubishi mwingine. Mwaka 1824 Johann Meckel wa Ujerumani alitangaza kwamba platipasi jike ana tezi za maziwa. Étienne Geoffroy Saint-Hilaire wa Ufaransa alimpinga: aliamini kwamba mnyama huyo hutaga, na kwa hiyo tezi zile haziwezi kuwa za maziwa. Richard Owen wa Uingereza alikubali kuwa ni za maziwa, na kwa hiyo akashikilia kwamba mayai lazima yaanguliwe ndani ya tumbo la mama. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli, na kila mmoja aliitumia nusu yake kuikana nusu ya mwenzake. Kilichowagawa kilikuwa fasili.

Wakati huohuo, wenyeji wa Australia walikuwa wakilijua jambo lenyewe. Taarifa iliyopelekwa London mwanzoni mwa miaka ya 1820 ilieleza kwamba mzee mwenyeji aitwaye Cookoogong alisema ni jambo linalofahamika kwa watu wake kuwa mnyama huyu hutaga mayai mawili na kuyaatamia. Katika ukubwa wa yai taarifa hiyo ilitia chumvi, lakini idadi na tendo ni sahihi. Haikutosha kuwashawishi wasomi.

Ubishi ulimalizika mwaka 1884. William Caldwell, Mskoti aliyefanya kazi katika Mto Burnett, Queensland, kwa msaada mkubwa wa wenyeji, alipata platipasi aliyekuwa ametaga yai moja, na la pili likiwa bado njiani. Simu yake ya maandishi ilisomwa mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Montreal tarehe 2 Septemba. Siku hiyohiyo, mjini Adelaide, Wilhelm Haacke aliwaonyesha wanachama wa jumuiya ya kisayansi yai alilolikuta katika mfuko wa ekidna. Ilikuwa imepita miaka 85 tangu maelezo ya Shaw.

6. Kiswahili kina nini, na kinakosa nini

Ndugu wasikilizaji, tuurejee sasa ukumbi wetu. Maelezo yote niliyoyatoa kuhusu viota na malezi yametumia vitenzi ambavyo bibi yeyote wa Mkolani anayefuga kuku anavijua: kutaga, kuatamia, kuangua, kufyonza, kunyonyesha, kulea. Kila kitenzi hutaja tendo moja, wala hakimlazimishi mtendaji kuwa wa kundi fulani. Huo ni utajiri. Waliobishana Ulaya walikuwa na makundi yaliyokwisha kufungwa. Sisi tuna matendo yaliyo huru kukutana katika mnyama mmoja.

Hata hivyo, yapo mambo matatu ya kuangaliwa.

Kwanza ni neno manyoya. Tunasema manyoya ya kuku na manyoya ya kondoo, kwa neno lilelile, ingawa katika biolojia ni vitu viwili tofauti. Mwalimu anayesema mamalia ana manyoya hajamtenganisha bado na bata. Katika fasili, nywele ni neno salama zaidi, na mwalimu aeleze kwamba miiba ya ekidna na ya nungunungu ni nywele zilizokakamaa.

Pili ni neno kunyonya, linalotupeleka moja kwa moja kwenye chuchu. Platipasi hana chuchu, na bado mtoto wake huvuta maziwa. Ninapendekeza tuliendeleze neno kunyonyesha kwa maana ya kulisha mtoto kwa maziwa ya mwili, na pale panapohitajika usahihi zaidi tuseme mtoto anafyonza au analamba maziwa.

Tatu ni majina. Wapo wanaomwita platipasi kinyamadege. Jina hilo lina ladha ya Kiswahili, nami silidharau. Ila linarudisha kosa lilelile kwa mlango wa nyuma, kwa kumfanya mnyama huyu kuwa nusu ndege, naye hana undugu wa karibu na ndege hata kidogo. Hali kadhalika, aliyeanguliwa asiitwe kifaranga wala kinda. Aitwe mtoto, kwa kuwa ananyonya.

Kwa mintarafu hiyo, fasili ninayoipendekeza kwa walimu na watunga vitabu ni hii: mamalia ni mnyama mwenye uti wa mgongo na nywele, ambaye jike lake hulisha watoto kwa maziwa ya mwili wake, walio wengi huzaa, na wachache hutaga mayai. Fasili hii imeongezeka maneno machache tu, nayo haimfukuzi yeyote.

7. Kwa nini jambo hili lina uzito

Huenda mtu akauliza: mtoto wa Mkolani atafaidika nini kwa kumjua mnyama ambaye hatamwona maisha yake yote? Jibu ni kwamba anajifunza namna ya kufikiri. Katika shule za msingi za serikali sayansi hufundishwa kwa Kiswahili. Afikapo kidato cha kwanza, masomo hayo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Miaka ile ya Kiswahili ndiyo ambamo anaweza kuuliza swali lake lote bila ya kutafuta maneno. Tukimpa fasili iliyofungwa katika miaka hiyo, atahitimisha kwamba sayansi ya Kiswahili ni ya kukariri na kwamba kuuliza kunaanzia katika lugha nyingine. Nalo kosa hilo haliwezi kutupiwa istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967. Maneno yapo. Kinachohitajika ni uangalifu wa kuyafasili.

Liko pia suala la ziwa letu. Katika miaka ya 1980 spishi nyingi za furu zilitoweka au kupungua mno, huku sangara akiongezeka. Samaki waliobeba mayai kinywani walikwenda, na pamoja nao maarifa ya wavuvi waliojua wanatagia wapi na katika msimu gani. Maarifa ya mzee Cookoogong yalisubiri miaka zaidi ya 60 kuaminiwa. Ya wavuvi wetu yanaweza kuandikwa sasa, kwa Kiswahili, maadamu wenyewe wapo.

8. Hitimisho

Watoto wetu hutegana kitendawili cha nyumba isiyo na mlango, na jibu lake ni yai. Hakuna anayeongeza kwamba mwenye nyumba lazima awe ndege. Hali kadhalika sarufi yetu: kuku ametaga, platipasi ametaga, mbuzi amezaa, mbung'o amezaa. Wote wameingia katika ngeli ya A-WA, isiyomwuliza kiumbe namna alivyokuja duniani, mradi ana uhai. Lugha imewaachia viumbe nafasi hiyo. Ninawaomba walimu mliopo hapa, mtakaporudi darasani, nanyi mwaachie nafasi hiyo, na mtoto atakayesema kwamba wapo mamalia watagao mayai mpeni alama yake.